Nyotamkia Isiyo na Vumbi

Daktari Tai alikuwa mtu wa kufunga tai hata kileleni mwa mlima, mahali ambapo wenye akili zao huvaa makoti mazito na kofia za sufu. Mama Baridi alimdharau tangu siku ya kwanza, na sababu haikuwa tai. Bwana huyo aliingia chumba cha darubini na kikombe cha kahawa ya moto, akakiweka karibu na kamera, kisha akauliza mbona picha ina doa.

"Ni kikombe chako, Daktari," Mama Baridi alimwambia. Daktari akacheka, akadhani anataniwa.

Kamera ile haikuona mwanga wa kawaida. Iliona joto, ile miale ambayo wataalamu wanaiita infraredi, na kwa kuwa kila chenye uvuguvugu hutoa miale hiyo, kamera yenyewe ilibidi ipozwe isije ikajiona. Kuipoza ndiyo iliyokuwa kazi ya Mama Baridi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akimimina nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika cha baridi kali kwenye mtungi wa kamera, glavu mpaka viwikoni, ukungu mweupe ukimfunika miguu, na kila nusu saa akiandika kipimo kwenye daftari. Mikononi mwake kamera haikuwahi kupata joto, hata mara moja. Hakuwa na cheo wala shahada. Alikuwa na jina hilo la Baridi tu, na alilionea fahari waziwazi. Mumewe, fundi saa, alizoea kumtania kwamba siku akifa atadai azikwe na jokofu.

Basi ikaja nyotamkia. Ilikuwa ikikaribia jua, ikawa inatazamwa mchana kweupe, maana kamera ya joto haihitaji giza kama macho yetu. Na nani akapewa kusimamia? Daktari Tai, ambaye ujuzi wake mkubwa ulikuwa kusimama karibu na wakubwa wakati wa kupiga picha.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Anga nalo lina joto, kwa hiyo hupigwa picha ya nyotamkia, kisha darubini inasogezwa pembeni na kupiga anga tupu. Picha ya pili inatolewa kwenye ya kwanza, na kinachobaki ndicho cha nyotamkia. Mtoto wa shule angeelewa. Ila hilo anga tupu liwe tupu kweli, kwani nyotamkia inapopata joto humwaga vumbi na gesi kila upande, na wingu lake huenda mbali kuliko linavyoonekana.

"Daktari, hapo pembeni ni karibu mno," alisema Mama Baridi. "Vumbi lake limefika mpaka hapo, tutalitoa pamoja na anga. Tusogee mbali."

"Tukienda mbali tunapoteza dakika nne kila safari, mama."

"Bora zipotee."

"Mama, wewe jaza mtungi wako."

Akajaza. Na kwenye daftari, chini ya kipimo, akaandika alichosema na alichojibiwa, neno kwa neno. Kanuni ilimtaka msimamizi asaini kila ukurasa. Daktari Tai alisaini kurasa kumi na moja simu ikiwa sikioni, bila kutupia jicho hata mstari mmoja. Daftari la mjaza mtungi, msomi mzima alisome la nini?

Wiki ileile alikuwa mbele ya waandishi wa habari, kavaa tai nyekundu mpya, kifua mbele. Akawatangazia nyotamkia isiyo na vumbi! Gesi kiduchu, vumbi karibu hakuna, jambo ambalo halijapata kuonekana. Mama Baridi, aliyesimama nyuma kabisa karibu na mlango, alisonya kwa sauti hadi mpiga picha akageuka.

Siku tatu baadaye vituo viwili vya mbali vikatoa picha zao. Vumbi tele, gesi tele. Daktari Tai akakimbilia kwa Mkurugenzi na uongo uliokwisha kuiva: kamera ilipata joto, mjaza mtungi alizembea.

Mama Baridi alipoitwa, barua ya kumhamishia stoo ilikuwa imeshachapwa, iko juu ya meza, inangoja saini tu. Miaka ishirini na sita ifutwe na mtu asiyejua hata kikombe chake kinawaka kwenye kamera! Aliweka daftari juu ya ile barua.

Mkurugenzi, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, alipitia vipimo vyote. Digrii zilikuwa zilezile ukurasa hadi ukurasa. Alipofika chini akasoma kwa sauti, "'Mama, wewe jaza mtungi wako.' Saini hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Daktari Tai. "Lakini sikusoma."

"Hilo naliona."

Mkurugenzi akaichana barua. Zilikuwa zimebaki siku mbili nyotamkia ipotee nyuma ya jua, akaagiza kazi irudiwe, na pembeni pawe pale atakaposema Mama Baridi.

Kesho yake adhuhuri chumba kilijaa watu. Darubini ilienda mbali, ikarudi, picha ikatolewa kwenye picha. Wingu likatokea kwenye kioo cha kompyuta, likajaa toka ukingo hadi ukingo, hata kiini chenyewe kikawa cha kutafutwa. Daktari Tai alisogea taratibu, tai imelegea.

"Vumbi lote hili," alinong'ona, "lilikuwa wapi?"

"Ulilitoa mwenyewe," alijibu Mama Baridi, akivaa glavu. "Ukasaini. Sasa nipishe, Daktari, nijaze mtungi wangu."