Viganja Kwenye Mabati ya Pikapu

Mwezi uliopita mjukuu wangu Makena alinipeleka Makutano kuona gari lake likipakwa rangi upya. Nilikuta limekwanguliwa lote, limebaki chuma kitupu, linang'aa kama sufuria mpya. Nikanyoosha mkono. Makena akaruka: "Cucu, usiguse!" Nikarudisha mkono nikacheka peke yangu, naye hakujua nacheka nini. Basi wewe nitakuambia.

Nilizaliwa Kibirichia, na miaka hiyo ya kwanza baada ya uhuru nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi na kumenya waru, ndivyo tunavyoita viazi. Baba yangu aliendesha trekta kwenye shamba la ngano huko Timau. Alikuja nyumbani Jumamosi, akarudi Jumapili jioni. Jumatatu tuliamka hayuko, tukazoea hivyo. Mama hakuzoea. Waru zetu zilikuwa zikioza kando ya barabara kwa kukosa gari la kuzifikisha Meru, na mama akasema mwenye gari hapa kwetu hatahitaji kulala kwa watu.

Baba akanunua pikapu kuukuu. Ilikuwa na kutu hapa na pale, na rangi ilibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mnyapara wa Timau akampa ruhusa ya wiki moja tu: Jumatatu inayofuata, ama awe kwenye trekta au trekta apewe mtu mwingine. Baba akasema gari likiwa tayari harudi. Lisipokuwa tayari, atarudi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Fundi Mwirigi alikuja kutoka mjini na msasa na vikwanguo. Alikwangua pikapu mpaka ikabaki chuma kitupu, halafu akaona rangi ya kwanza, ile wanayoita praima, haitoshi. Ikabidi ashuke Meru kutafuta nyingine. Kabla ya kuondoka alimwambia baba: "Chuma kikiwa uchi hivi kinaogopa ukungu kuliko mtoto mchanga. Usikifunike na turubai, litashika jasho. Weka majiko ya makaa chini usiku, na ukipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo."

Nyanya yangu Ciokaraine, mamake baba, alikuwa na njia yake. Mapanga ya nyumba ile aliyapaka mafuta ya kondoo yakakaa msimu mzima bila doa, na alikuwa tayari na kibuyu mkononi.

"Kwa panga ni sawa, nyanya," Mwirigi akamwambia. "Lakini nikipaka rangi juu ya kondoo itateleza yote."

Nyanya akarudisha kibuyu jikoni akinung'unika kwamba vijana wa mjini wanachagua mafuta.

Tulilinda gari lile. Ukungu wa Kibirichia unashuka kutoka mlimani jioni kama mtu anayerudi kwake, haubishi hodi. Baba alikaa na majiko yake ndani ya banda, nami nilibeba makaa. Harufu ya mafuta ya taa iliingia hata kwenye githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Asubuhi chuma kilikuwa cheupe.

Ijumaa baba alienda Kiirua kutafuta betri. Mama akaita akina mama wa kanisa waje waliombee gari. Hiyo ndiyo desturi yetu: kitu kipya hakianzi kazi bila maombi, na maombi ya kwetu si ya kusimama mbali. Walikuja moja kwa moja kutoka shambani, msimu ulikuwa wa kuchimba waru, jasho likiwatiririka. Waliimba, wakazunguka pikapu, kila mmoja akaweka mikono yake miwili juu ya chuma. Mama Gitonga aliomba sana, mpaka akina mama wengine wakabadilisha mguu. Mama yangu aliweka mikono kwenye boneti akafunga macho. Kisha tukanywa uji wakaenda.

Kulipopambazuka Jumamosi, baba, aliyekuwa amerudi usiku, alituita bandani.

"Mama Nkirote," alimwambia mama pole pole, "njoo uone maombi yako."

Viganja vilikuwa vimetokea. Vyekundu, kila kidole mahali pake, mlangoni, kwenye boneti, mpaka nyuma. Jasho lina chumvi, na sisi hatukuwa tumefikiria hilo. Mimi nilivijua vyote. Kile kipana kilikuwa cha Mama Gitonga. Kile chenye kidole kidogo kilichopinda, Mama Kaimuri. Vyembamba vilikuwa vya Joyce, mke wa mwalimu. Tabitha, Mama Mwenda, Zipora. Mama alisimama na leso mdomoni.

Nyanya akachungulia. "Hii mikono imeshika kweli," akasema.

Mwirigi alifika saa saba na praima yake, akazunguka gari mara moja. "Nimeona magari mengi," alisema, "lakini lililookoka lote hivi, sijaona."

"Si upake tu juu yake?" mama akauliza.

"Ukipaka juu ya kutu, mama, umeifunika blanketi. Itaendelea kula ikiwa na joto." Akatazama mlima. "Lazima visuguliwe vyote, na rangi iingie kabla ya ukungu. Mikono yangu ni miwili."

Mama akanigeukia. "Nkirote, kimbia. Waambie waliokuja jana warudi na vitambaa."

Nilikimbia nyumba kwa nyumba. Walikuja, wengine wakiwa na udongo magotini. Mwirigi aliwagawia msasa, wakajifunga vitambaa mikononi, na kila mmoja akatafuta kiganja chake. Mama Kaimuri alikosea akaanza kwa Mama Gitonga.

"Toka hapo, hicho ni changu!"

"Chukua basi, Mama Gitonga, na ni kikubwa kama cha mwanaume!"

Majiko yaliondolewa mbali kwa sababu ya petroli. Mwirigi alifuata nyuma akipangusa kwa petroli, ikikauka anapaka praima, mlango kwanza, kisha mwingine. Hakuna aliyeimba. Ukungu ulikuwa umefika kwenye miti ya mpakani, na boneti lilikuwa bado. Mama alikuwa anasugua vya kwake na machozi, mkono umechoka. Baba akamchukulia msasa, akamalizia yeye mwenyewe. Mwirigi akapaka.

Kesho yake, Jumapili, Mwirigi akapaka kijani.

Wale akina mama wamefariki wote, wa mwisho alikuwa Zipora. Pikapu ilibeba waru miaka mingi, halafu ikauzwa vipande vipande, hata sijui mlango ulienda wapi. Banda lilivunjwa. Siku hizi gari linachukuliwa mjini na kurudi limepakwa, mwenyewe hajui limevaa nini ndani, na jirani hajui hata kama umenunua.

Lakini Jumatatu ile niliamka na giza, nikajilaza nikisikiliza, maana Jumatatu nilizoea kutomsikia baba. Nje kulikuwa na mtu anakohoa, ananawa uso kwa maji baridi, anauliza chai iko wapi. Nyanya akamjibu asubiri kama watu wengine. Nikajifunika tena, nikalala usingizi mwingine.