Mayai ya Senene Niliyoyanywesha Maji

Mpaka leo nikifika Gitega sipiti mtaa wa Musinzira mchana, kwa sababu pale kuna watu wakiniona tu wanauliza kama yale mayai yameshiba, na mimi, msomi wa masomo ya jioni ambaye cheti changu kimetundikwa sebuleni juu kuliko hata saa ya ukutani, navuta kofia mpaka puani.

Madamu Goreti, mtafiti wa wadudu, alikuwa anachunguza senene wa vichakani, si wale wa kukaanga, hapana, ni wale wakali wenye miguu ya miiba wanaokamata wadudu wenzao na kuwatafuna wazima wazima (mmoja alining'ata kidole, nikapiga ukelele uliosikika Tanzania). Alikuwa na aina mbili za ukoo mmoja, moja ya Gitega na moja ya Muyinga, zinafanana kama mapacha, akataka kujua kama mayai yanaweza kuzitofautisha, kwa umbo, kwa ganda, na hasa kwa ukubwa. Hassani, mtoto wa Gitega, alitunza ya kwao, mimi nikatunza ya kwetu Muyinga. Sote tulikuwa vibarua, na Madamu alishasema kwamba siku ya kuwaonyesha walimu matokeo, mmoja wetu ataondoka na kazi ya kudumu.

Maagizo yalikuwa mafupi: mchanga mkavu, usiguse. Lakini siku ya kuyaleta Gitega kwa gari, kopo la mayai limekaa mapajani kama bibi harusi, vumbi la Karuzi linatuingia mpaka kwenye meno ya nyuma, nikayatazama yale mayai, membamba kama punje za mchele, nikayaonea huruma. Kwetu mgeni hafiki akaachwa na kiu! Nikalowesha pamba, nikayafunika. Na tulipofika Gitega nikaendelea hivyo hivyo kila asubuhi, kwa siri, nayo yakanenepa, wallahi yakanenepa mpaka nikaanza kuyaogopa. Siku ya maonyesho nikatupa pamba, nikayarudisha kwenye mchanga mkavu, nikavaa shati la Idi.

Ukumbi wa Musinzira umejaa walimu. Madamu akaweka mayai ya Hassani chini ya hadubini, picha ikatokea ukutani, vijiti tu. Akaweka yangu. Ukuta mzima ukajaa maparachichi.

"Yoo!" Hassani akaninong'oneza. "Sha, yako iko manene hivi, ulikuwa unayanyonyesha?"

"Hiyo ni damu ya Muyinga, mon vieux. We utaizoea."

Madamu akapima, akaandika ubaoni, uso unang'aa, akawatangazia kwamba tofauti iko wazi kabisa, tena kubwa kuliko alivyotarajia. Watu wakapiga makofi. Ningekaa kimya pale, sasa hivi ningekuwa na ofisi. Lakini mwalimu mmoja mwenye miwani akauliza, inawezekanaje ndugu wa karibu namna hii watofautiane hivyo, na kabla Madamu hajafungua mdomo nikasimama (nani aliniita?).

"Ni matunzo, mwalimu! Ya huku yamekaa na kiu. Mi ya kwangu niliyanywesha maji, tena ya kuchemsha, tangu kwenye gari mpaka jana!"

"Ulifanya nini?" Madamu akauliza, taratibu, na huo utaratibu ndio ulionitisha.

"Niliyapa maji, Madamu. Si ni wageni?"

Akawageukia walimu, akawaeleza kwa sauti ndogo kwamba mayai haya hunywa maji kupitia ganda yakavimba, na kwamba alichokipima ni sawa na kulinganisha maharage makavu na yaliyopikwa. Akachukua kitambaa akafuta ubao mwenyewe. Mwalimu wa miwani akasema, "Bon, yaliyopikwa tumeyaona, wali uko wapi?" Ukumbi ukacheka mpaka nikahisi mabati yanainuka.

Madamu hakucheka. Kazi yake ilibidi ianze upya, na senene wale hawatagi kwa kubembelezwa. Kazi ya kudumu akapewa Hassani, ambaye sasa ni mkubwa wangu na anavaa koti jeupe hata akienda kununua mkaa. Mimi nimerudishwa vichakani Muyinga kukamata majike wapya, kwa vidole hivi hivi, navyo vimeliwa kuliko mahindi ya kuchoma. Nimeapa: kiumbe asiyeniomba maji kwa mdomo wake na akauke mbele yangu, na hata akiomba, kwanza nampigia Hassani simu.