Mbwa Aliyeitwa Wanajijua

Mwezi uliopita nilirudi kwetu, kijiji cha juu kidogo ya Kabanga, nikiwa na mjukuu wangu. Tulitoka Kibondo asubuhi, tukashukia barabara kubwa, tukashika njia ya miguu. Tulipofika kwenye kona, mguu wangu wa kushoto ukagoma. Usicheke. Mimi nilitaka kwenda, mguu ukakataa.

"Bibi, kuna nini?" mtoto akauliza.

Nikamwambia angoje nifunge kitenge. Kitenge kilikuwa kimefungwa vizuri tu.

Kwenye kona ile ndipo ulipokuwa uzio wa minyaa. Upande mmoja tulikaa sisi na bibi yangu, upande wa pili alikaa mzee mwenye mashine ya kusaga. Na mbele ya nyumba yake alifungwa Wanajijua.

Ndiyo, ndugu yangu, hilo lilikuwa jina la mbwa. Siku zile kwetu mtu hakwenda kumtukana jirani mlangoni, maana angeitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Alifuga mbwa, akampa jina, akawa anamwita mbwa wake kwa sauti. Ukilalamika anakujibu: mimi namwita mbwa wangu, wewe kinakuwasha nini?

Ugomvi wenyewe ulikuwa mpaka. Bibi na babu walivuka kutoka Burundi zamani sana, wakapewa ardhi, wakapanda minyaa. Babu alipokufa, mwenye mashine akaanza kusema minyaa ile imepandwa ndani ya shamba lake. Basi kila jioni mashine ikinyamaza, bibi amekaa uani anapeta maharage, chungu kinatokota, moshi wa kuni mbichi unatutoa machozi, tunasikia ng'ambo: "Wanajijua! Toka hapo! Rudi kwenu!"

Mbwa wa watu arudi wapi? Pale ndipo kwao, na waya uko shingoni. Alikuwa anazunguka pale pale, kisha anatazama anakotazama bwana wake, yaani kwetu, anabweka mpaka sauti inakauka.

Mjomba wangu, badala ya kunyamaza, akamwita jogoo wetu Mwizi wa Mpaka. Ikawa jioni wanaitana, huyu mbwa, huyu jogoo, minyaa katikati. Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bibi hakucheka. Alikuwa akisema, "Mnyama hana kesi na mtu. Mwacheni mnyama."

Na ule ukali mbwa hakuzaliwa nao. Nilimwona alipoletwa, kitoto cha rangi ya maharage mekundu, kinalamba vidole vya kila mtu. Mwenye mashine akamlisha mavu, wale nyigu wakali, ndani ya ugali, eti ndiyo dawa ya ukali. Akamfunga waya mfupi juani mchana kutwa. Akikosa, anachapwa kwa mkanda mkuukuu wa mashine. Watu walipita wakasifu: hapo sasa una mbwa.

Siku yenyewe nilikuwa natoka shule, na njia yetu ilipita pale pale. Waya ulikuwa umekatika, mbwa amesimama njiani. Nina uchungu naye, lakini nitasema nilichokiona: hakunijia. Mkia alikuwa ameushusha, ananitupia jicho halafu anatazama pembeni, kama mtu aliyetolewa mahabusu hajui aende wapi. Labda tungepishana. Mara mwenye mashine akatokea mlangoni, kichwa cheupe kwa unga, akaniona, akaruka. Alipiga kelele kwa hofu ya kweli: "Wanajijua! Wanajijua! We Wanajijua!"

Alitaka kumzuia. Ila mbwa yule hakuwahi kuitwa jina lile aje ale. Kila alipoitwa ilikuwa hasira, na hasira yenyewe ilielekezwa kwetu. Aliitwa, akafanya kile alichofundishwa. Akaning'ata mguu wa kushoto.

Bibi alinishika akaniosha kwa sabuni ya mche, akanimwagia maji mtungi mzima, anasugua, mimi napiga mayowe. Nesi wa hospitali alipoona kidonda alimwambia bibi amefanya la maana sana, ndipo zikaanza sindano. Niliporudi nyumbani nilikuta watu wenye mapanga nje kwa mwenye mashine, mjomba mbele. Aliyewazuia ni bwana mifugo, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, Kiha hajui hata cha kuombea maji.

"Mkimuua leo hatutajua kama ana kichaa," alisema. "Afungwe, ale, anywe maji, tumtazame siku kumi. Mzee, mbwa anaitwa nani?"

"Wanajijua," akajibu mwenye mashine, anatazama chini.

"Akina nani wanajijua? Nimeuliza jina la mbwa."

"Ndilo hilo."

"Lipi?"

"Wanajijua."

Bibi akasema, "Ni sisi, bwana mifugo. Wanaojijua ni sisi."

Watu wakaangua kicheko, hata wenye mapanga. Bwana mifugo hakucheka. Alimuuliza mzee, "Na ukimwita jina hilo huwa unampa nini?" Mzee akajipangusa unga mikononi. "Basi huyu umemfundisha wewe. Toa waya, tafuta kamba ndefu, mfunge kivulini. Fimbo acha. Na jina hilo asilisikie tena."

Zile siku za kumtazama, we acha tu. Nilikuwa nimesikia wakubwa wakinong'ona kwamba mbwa mwenye kichaa hawezi kunywa maji, na mtu aliyeng'atwa naye, kichaa kikimpanda, hayawezi vilevile. Nilikuwa nikiamka, kabla sijashika kikombe changu, namuuliza bibi, "Amekunywa?" Bibi anakwenda kuchungulia kwenye minyaa, anarudi. "Amekunywa, mwanangu." Ndipo na mimi nakunywa.

Mwenye mashine alikataa kumpa jina jingine, angeonekana ameshindwa. Mbwa akakaa bila jina. Bibi ndiye akawa anapeleka makoko ya ugali na mchuzi wa maharage. Anasimama kiubavu kama alivyoelekezwa, hamtazami machoni, anamtupia kwa mbali, anamwita kwa jina la chakula kile kile, maharage, kwa matamshi ya kwao Burundi: "Biharage." Kila siku hatua mbele kidogo. "Nani atagombana na maharage?" alikuwa akisema.

Siku zikaisha, mbwa mzima, mimi mzima. Jioni moja tukasikia ng'ambo, pole pole, kama mtu anayeiba: "Biharage. Njoo ule." Bibi akasimamisha ungo. "Umesikia?" akaniambia. "Kumbe ana sauti nzuri."

Mbwa akapona ukali. Mimi woga haukupona. Nikawa nazungukia njia ya bondeni, nafika shule nimechelewa, na mwalimu wangu wa darasa la nne ananichapa. Alikuwa na neno lake, "Mbwa si sababu." Mwisho nikaacha shule. Ndiyo maana leo naandika hivi ninavyoandika. Walioniharibia nawataja: mwenye mashine na mavu yake, mjomba na jogoo wake, mwalimu na neno lake. Mbwa simtaji.

Sasa tulipokuwa pale kwenye kona, mbwa akatoka uani. Rangi ya maharage mekundu, masikio juu, anabweka. Mjukuu akaning'ang'ania kitenge. Nikamwambia, "Usikimbie. Usimkodolee macho. Simama kiubavu, mikono chini." Nilishangaa, sauti yangu ilikuwa imetulia.

Mtu akatoka, mvi tupu, uso ule ule wa mwenye mashine. Ni mwanawe. Akaita, "Biharage! Hebu njoo huku." Mbwa akanyamaza, akageuka, mkia unacheza, akamwendea.

"Bado mnawaita hivyo?" nikauliza.

"Wote, dada. Marehemu baba hakutaka kusikia jina jingine." Akanitazama mguu, akainamisha kichwa. "Karibuni mpumzike."

Tukakaa. Minyaa imekatwa, siku hizi kuna mawe ya mpaka, hayana hata kivuli. Mashine imebaki msingi, na wanakijiji wanasaga kwa umeme kule senta. Bibi amezikwa chini ya mgomba wake. Hakuna tena anayetukana kwa mbwa. Wanatukanana kwenye simu, na mbwa wanalala mchana. Vingi vya siku zile navililia, harufu ya ule unga wa moto, ungo wa bibi. Hilo la mbwa silililii.

Mwenyeji akatuletea maji ya kunywa, na mbwa akamwekea ya kwake kwenye sufuria iliyong'oka mpini. Mbwa akainamisha kichwa, akaanza kulamba, taratibu, ile sauti ya ulimi na maji. Nikasikiliza mpaka akamaliza.

"Amekunywa," nikasema.

"Nani, bibi?" mjukuu akauliza.

Nikachukua kikombe changu, nikanywa.