Nilikamatwa kwa Kumtumikisha Mtoto wa Miti

Nimewahi kukamatwa mara moja tu maishani. Kosa langu lilikuwa kumtumikisha mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa miti miwili, kiroba kilichojazwa majani makavu, na gauni.

Cheka tu. Hata mimi siku hiyo nilicheka, na kile kicheko kinaniuma mpaka leo.

Naitwa Adongo, ila mwaloni, hapa ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wananiita Mama Winnie. Kwetu ni Rorya, lakini miaka yangu ya utu uzima yote nimeimaliza hapa Mwanza, naanika dagaa. Jina la mwalo wetu silitaji, wahusika wanajijua. Shule mimi niliisikia kwa wenzangu, kwa hiyo anayeandika haya ni Janet, mtoto wa dada yangu wa Igoma. Mimi nasema, yeye anabonyeza.

Winnie ni mwanangu wa pekee. Darasa la sita, mwembamba, mdomo anao. Baba yake yuko huko Mara na mke mwingine, tuachane naye.

Akitoka shule alikuwa anakuja mwaloni, anashika fimbo, anafukuza ndege kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Watu wa ziwani mnajua. Ukigeuka kidogo tu, mwewe na yangeyange wamekula mtaji.

Kisha mradi ukaja.

Ulikuwa wa watu wa nje, wa kukomesha ajira ya watoto ziwani. Nisiseme uongo, nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mimi nimebebeshwa ndoo za dagaa tangu nina meno ya utotoni. Nimewaona watoto wa watu huko visiwani wakichota maji yaliyoingia mtumbwini, wanatetemeka, hakuna anayewauliza wamekula nini. Ule mradi ulikuwa na haki ya kuja.

Likasimamishwa bango: mwalo huu hauna ajira ya watoto. Wanunuzi wa nje nao wakasema dagaa walioguswa na mtoto hawawataki. Viongozi wa mwalo wakatangaza kuwa mama atakayekutwa na mtoto kwenye vichanja ananyang'anywa sehemu yake ya kuanikia.

Sawa. Winnie akabaki nyumbani. Sasa nani afukuze ndege?

Kinamama tukatengeneza masanamu ya kutishia ndege. Kila mmoja akalivika la kwake alichonacho. La kwangu nikalivika gauni la Winnie lililokuwa limeanza kumbana, na kofia juu. Ndege walikuwa wanamjua Winnie, nikaona wakiliona lile gauni watakimbia. Na kweli, siku za mwanzo walikimbia.

Mradi ukafika na shuleni kwao, na picha kubwa kubwa. Jioni Winnie akanisimulia picha moja: mama yuko nyuma ya nondo, mtoto amesimama nje analia. Mama alifungwa kwa sababu mtoto wake alikuwa anafanya kazi.

"Mama, kumbe wewe ungefungwa kwa ajili yangu?"

Nikamwambia ale, ugali unapoa. Sikuona kama lile lilikuwa swali.

Mwezi wa sita, wiki ile ambayo dunia nzima inapinga utumikishwaji wa watoto, wageni wakaja na magari. Mmoja akasimama kule juu barabarani, akachungulia mwaloni kwa darubini. Akaona mtoto amesimama juani katikati ya dagaa, saa za masomo, hata kukaa hakai.

Wakaja mgambo wawili. Mama Winnie, panda gari.

Nikapanda. Kule ofisini kila mtu ananiuliza mtoto yuko wapi. Nikawaambia yupo kazini, twendeni mkamwone.

Tukarudi mwaloni. Kiongozi wetu akaenda na hasira zake, akamvuta yule mtoto mkono. Mkono ukatoka, akabaki ameushika.

Aisee. Yule mgeni alicheka mpaka akakaa kwenye mchanga. Akaniomba radhi, akaninunulia soda. Mwalo mzima haukuwa na mbavu.

Nikaenda nyumbani nacheka peke yangu njia nzima, nina hamu ya kumsimulia Winnie.

Winnie hakuwepo.

Jirani yangu Dorotea, ambaye utani kwake ni chakula, alikuwa ameniona napandishwa gari. Winnie alipotoka shule akamwambia: "Mama yako kachukuliwa na gari la mradi, na ni kwa ajili yako. Jiandae kumpelekea uji gerezani."

Alikuwa anasubiri mtoto acheke. Winnie akaingia ndani, akatoka na mfuko wa rambo. Dorotea akadhani anakwenda dukani.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Dorotea alikuja kulia kwangu mpaka nikachoka kumbembeleza. Nilimchukia sana. Siku hizi namhurumia.

Nilimtafuta mwanangu Igoma, Mabatini, stendi, mialo yote ya karibu. Mtu mmoja akaniambia kuna binti alionekana akipanda boti na kinamama wanaokwenda kufuata dagaa visiwani. Nikauza vichanja, nikaingia ziwani. Kisiwa baada ya kisiwa, nauliza, natukanwa, naambiwa kila mtoto hapa ana mwenyewe. Nilikonda, aliyekuwa ananifahamu alinipita njiani bila kunitambua.

Mwaka mwingine ukaingia.

Ndipo tukasikia kuna watoto wameokolewa visiwani kwenye operesheni. Nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, kijana mmoja mpole anaitwa Revocatus. Nikamweleza: mwembamba, ana kovu kwenye nyusi ya kushoto. Akapekua daftari lake. Akasema yupo mmoja kwenye kituo upande wa Kisesa, alikutwa akiosha vyombo kwa mama ntilie kwenye kambi ya wavuvi. Ila huyo anaitwa Favour, na ni yatima.

Tulikwenda na askari wa kike, amevaa sare. Ndio utaratibu wao.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Winnie.

Alikuwa amerefuka. Mikono imechubuka kwa sabuni na masufuria. Nilisimama.

Akanitazama. Akamtazama yule askari. Akanitazama tena.

Revocatus akamuuliza kwa upole, "Unamfahamu huyu mama?"

"Simfahamu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Alikufa."

Nililia jina lake. Hakugeuka. Walipokuwa wanamtoa alipita karibu yangu kabisa, bega lake likagusa mkono wangu, akaniambia kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini sana:

"Mama, kimbia."

Garini Revocatus alikuwa ananipa pole, akidhani nalia kwa kukosea mtoto. Nilikuwa nimeelewa. Mwanangu hakukimbia kazi wala hakunikimbia mimi. Alisikia nimekamatwa kwa ajili yake, akaondoka ili wasimpate mtoto wa kunifungia. Mwaka mzima ameosha masufuria ya watu akidhani ananitoa gerezani.

Nikamweleza Revocatus yote. Aliniamini, akajaribu kumweleza Winnie, mtoto akaona ni mtego. Lakini mtoto amesema mama yake alikufa, na mimi cheti chake cha kuzaliwa sikuwahi kukifuatilia. Ustawi wakataka ndugu, mwalimu, mwenyekiti wa mtaa wathibitishe kuwa ni wangu. Nikaanza kuwakusanya.

Huku nyuma kila siku ya kutembelea watoto nilikuwa getini. Hawakuniruhusu kuingia, kwa hiyo nilimwita kwa nje: Winnie, sijafungwa, walinicheka tu. Alikuwa anaziba masikio na kukimbilia ndani. Mlinzi akaniambia, mama, ukishaondoka huyu binti hali chakula siku nzima.

Sikuacha kwenda. Mama gani angeacha?

Hatimaye kibali kikatoka. Nikampikia sangara wa nazi, nikavaa vizuri, tukaenda na Revocatus kumchukua.

Alikuwa ameruka ukuta jana yake.

Binti aliyekuwa analala naye alitueleza huku analia. "Alisema mama yake hataacha kuja, na siku moja watamkamata hapa hapa getini. Alisema yeye akienda mbali, mama yake atapona."

Kwa hiyo sijaandika haya kuwaburudisha. Namtafuta mwanangu.

Nyie wenye miradi, msiache. Watoto wa visiwani wanawahitaji, nimewaona kwa macho yangu. Ila mnapomtoa mtoto kazini, mwambieni pia kwamba mama yake si adui yenu. Na sisi wazazi, mtoto akikuuliza kama utafungwa, acha unachofanya umjibu mpaka aelewe. Mtoto huwa hajui kwamba watu wazima wanatania.

Kama uko kisiwani, au kambi yoyote ziwani, na kuna binti mwembamba mwenye kovu kwenye nyusi ya kushoto, anaweza kujiita Favour au jina lolote lile. Usimtishe. Atakwambia hana mama. Usibishane naye, kaa naye umsomee haya mpaka mwisho.

Winnie, hakuna kesi mwanangu. Haijawahi kuwepo. Mama yako hajafungwa, yuko nyumbani.