Betri ya Pili ya Msoma Mita

Kazini walimwita Hakiki, na jina lenyewe hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mwaka wa kumi na tisa sasa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukadiria. Wenzake walikadiria. Wakikuta geti limefungwa, au mbwa kalala juu ya kifuniko cha mita, walitazama tarakimu za mwezi uliopita, wakaongeza kidogo, wakaandika, wakaenda zao kunywa chai. Yeye alisubiri geti lifunguliwe. Alipiga magoti kwenye tope, akapangusa kioo kwa kidole gumba, akasoma kwa sauti, akaandika, kisha akasoma tena. Watu walidhani ni uadilifu. Ukweli ni kwamba alikuwa mwoga.

Tusimwonee, lakini tusimfiche pia. Aliogopa mitungi ya gesi, ngazi zisizo na kishikio, na simu inayolia kabla hakujapambazuka. Akisikia mtu kakohoa mara tatu mfululizo, moyoni mwake ameshamzika. Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi na hofu sifuri, alimcheka mpaka akachoka.

"Baba watoto," alimwambia, "wewe wangekuzaa na king'ora kabisa."

Basi idara ikamwongezea mtaa wa mlimani. Tangu daraja livunjike, magari yalikuwa hayapandi huko, na baiskeli yake ya umeme ilimfikisha juu ikaishiwa chaji hapo hapo. Wiki tatu alirudi akiikokota, jasho linamtiririka, mpaka akasalimu amri na kwenda kwa fundi.

Fundi wa baiskeli za umeme alikuwa mama mnene mwenye kovu la moto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Nitakuwekea betri ya pili nyuma, kwenye keria," alisema. "Ukiziunganisha zote mbili utakwenda na kurudi. Lakini nisikilize, kaka yangu. Wewe ni mtu wa maji. Una matangi mawili, moja limejaa, jingine tupu. Ukiyaunganisha kwa bomba kule chini, inakuwaje?"

"Lililojaa linajimwaga kwenye tupu."

"Kwa nguvu zake zote. Na hizi ni hivyo hivyo, ila kinachomwagika hapa si maji. Kwa hiyo pima kwanza. Zikilingana, unganisha. Zikipishana, usiguse."

Aliangalia lile kovu, akajizuia, halafu akashindwa kujizuia. "Na hilo, dada?"

"Siku hiyo sikupima."

Unaweza kukisia mtu kama yule alirudi nyumbani na hali gani. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu na mlango mmoja tu wa kutokea. Madirisha yote yalikuwa na nondo, na nondo hizo alizitaka yeye mwenyewe, kwa kuogopa wezi. Baiskeli hailali nje, ikilala nje haiamki, kwa hiyo ikawekwa sebuleni, kando ya mlango. Katika chumba cha ndani alikuwamo binti yao, aliyekuja kujifungulia kwa wazazi, na mtoto wake wa siku kumi na sita. Kutoka kitanda cha binti hadi mlangoni ni hatua kumi na tano. Alizihesabu. Na katika hizo kumi na tano, mbili za mwisho zilipita ubavuni mwa betri.

Akajiwekea sheria. Kila jioni alizitenganisha betri na kuzichaji moja moja, mwenyewe kakaa kwenye kigoda na ndoo ya mchanga miguuni. Zikijaa alipima kwa kile kipimo cha umeme alichopewa na fundi, akaandika volti kwenye kipande cha tepu nyeupe, akakibandika juu ya betri. Asubuhi alipima upya kabla ya kuunganisha. Mkewe alipita na nguo za wateja begani akasema, "Ungenipima hivyo mimi, tungefika mbali." Hakucheka. Alikuwa anasoma tarakimu.

Jumamosi alizichaji zote mbili. Jumapili alishinda msibani kwa mwenzake wa kazini, akaenda kwa miguu na kurudi hoi, akalala bila kugusa kitu. Jumatatu, bado anafunga mkanda, simu ikaingia: mkaguzi atakuwa mtaa wa mlimani saa mbili kamili, na wewe uwepo. Ilikuwa imeshapita saa moja na nusu.

Alikitoa kipimo kwenye msumari wake. Akatazama tepu. Ya kwanza, 54.2. Ya pili, 54.2. Mwandiko wake mwenyewe. Jana hakuna aliyezigusa, nani angezigusa katika nyumba ile? Akakirudisha kipimo kwenye msumari. Miaka kumi na tisa, na siku hiyo, sebuleni kwake, Hakiki akakadiria.

Alipochomeka plagi ililia pa! kuliko siku nyingine, na cheche ikaruka. Alishtuka. Lakini alikuwa mtu wa kushtuka kila siku, na mtu wa hivyo hufika mahali hauamini tena mshtuko wake mwenyewe. Akaingia chumbani kutafuta shati la sare.

Harufu ndiyo iliyomfuata. Tamutamu, kali, kama rangi ya kucha. Akasimama na mkono mmoja ndani ya shati. Nyumba ile hakuna aliyekuwa akipaka kucha wiki hizi. Kisha akasikia sauti nyembamba, ssss, isiyokatika.

Sebuleni moshi ulikuwa unatoka kwenye mfuko wa betri ya nyuma, pale kwenye keria, mweupe, mzito, unashuka sakafuni badala ya kupanda. Mfuko umevimba. Na nyuma ya mfuko ndipo kilipo kitasa cha mlango.

Miguu ilimgomea, hilo lisemwe wazi. Kitu alichokiogopa kwa miezi miwili kilikuwa mbele yake, na mwili wake wote ukataka kurudi chumbani na kufunga mlango. Alisimama pale, sijui kwa muda gani, labda wa kupumua mara tatu. Ndipo kule ndani mtoto akapiga chafya.

Akaenda. Usidhani hofu ilimwacha, alikwenda nayo. Alivuta komeo, akaikamata baiskeli na kuisukuma, gurudumu likanasa kwenye kizingiti. Akasukuma tena, likagoma. Akaing'oa plagi kwa mkono, na plastiki yake, iliyokwisha kuwa uji, ikamgandia kiganjani. Akaukumbatia mfuko kwa mikono miwili, akautoa kwenye keria, akaurusha uani kadiri alivyoweza. Uliangukia jiwe la kufulia. Haikupita hata dakika ukalipuka, moto ukasimama kimo cha mtu, ukaupaka ukuta weusi mpaka juu.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Tokeni wote!"

Binti alitoka na mtoto kifuani, mkewe nyuma yao na kanga moja. Yeye aliwahesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Akarudia: mmoja, wawili, watatu. Kisha akaumwagia moto ndoo yake ya mchanga, akakaa chini, akaanza kulia kwa maumivu ya mikono.

Mkewe hakumcheka. Alikuwa ameegemea ukuta.

"Ni mimi," alisema. "Jana mtoto alichemka. Hukuwepo, na zahanati ni mbali. Nilichomeka hiyo betri ya nyuma, nikampakia binti na mtoto, tukaenda. Tuliporudi ilikuwa imebaki kidogo sana. Nikaiweka kwenye chaja, umeme ukakatika hapo hapo, nikairudisha kwenye mfuko wake, nikasema nitaichaji baadaye."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, baba watoto? Ungekufa."

Ulikuwa utani wao wa miaka yote, na safari hii ukaanguka chini hapo kati yao. Alimtazama binti. Binti akainamisha kichwa, maana naye alijua. Ndipo akaanza kujiuliza ni mangapi waliyomficha kwa miaka yote hiyo, homa ngapi, mianguko mingapi, barua ngapi za shule, ili asitetemeke. Kwa watu wa nje alitaka tarakimu halisi. Nyumbani kwake, kumbe, alikuwa anasomewa makadirio. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko viganja.

Mchana fundi alikuja. Aliikagua betri ya kwanza, ile ya kwenye fremu, akaiweka uani kwenye kivuli. "Hii imepona," alisema. "Lakini usiiamini mpaka uipime leo na kesho." Aliiangalia mikono ya Hakiki iliyofungwa bendeji, akavuta mkono wa blauzi yake kufunika kovu, akaondoka.

Jioni, jua bado lipo, mke na mume walikaa uani mbele ya ukuta mweusi.

"Kuanzia leo niambie," alisema Hakiki.

"Utatetemeka."

"Nitatetemeka. Wewe niambie."

Mkewe aliviringisha uzi kidoleni kama afanyavyo akikosea mshono.

"Basi sikiliza. Homa ilikuwa ndogo, imeshuka. Lakini daktari alimsikiliza mtoto kifua mara nyingi mno. Amesema moyo una sauti isiyostahili kuwepo. Inaweza kuwa kitu, inaweza isiwe kitu. Alhamisi tumpeleke hospitali kubwa, ile ya nyuma ya mlima."

Alitetemeka. Magoti yaligongana, meno yaligongana, bendeji mbili zilicheza juu ya mapaja, na mkewe aliona yote. Ila hakuinuka, hakupiga ukelele, wala hakuuliza kwa nini hakuambiwa jana.

"Saa ngapi?" alisema, sauti ikienda na kurudi.

"Saa tatu asubuhi."

"Betri moja itawafikisha, haitawarudisha."

"Tutarudi kwa miguu. Mimi, wewe, binti na mtoto."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia akalete kipimo kwenye msumari, aipime ile betri iliyopona, waya mwekundu uguse huku, mweusi huku, usivikutanishe vichwa. Mkewe alipiga magoti kwenye mchanga. Mkono wake, uliopitisha uzi kwenye tundu la sindano maisha yake yote bila kukosea, ulikosa mara mbili kabla ya kupata.

"Nisomee," alisema mumewe.

"Hamsini na tatu nukta nane."

Kipimo kilikuwa hatua moja kutoka alipokaa. Angeinama kidogo tu angekiona kwa macho yake.

"Andika," alisema.