Nukta ya Faraji

Zamda binti Abasi alikuwa fundi cherehani mjini Tabora, na mtaani walimwita Bi Zamda wa Farahi. Farahi alikuwa babu yake. Kwa maelezo ya nyumbani, alikuwa muungwana aliyefika na misafara akafanya biashara. Lakini Zamda na mdogo wake Nassibu walijua kwamba bibi yao, kila alipopalilia kaburi la mumewe, alimwita Faraji.

Tofauti ilikuwa ndogo, ila ilichoma. Farahi ni furaha. Faraji ni nafuu baada ya dhiki, na mabwana wengi wa zamani waliwapa watumwa wao jina hilo. Katika Tabora ya wazee, ukijiita wa Faraji, swali lililofuata lilikuwa: Faraji wa nani?

Mwaka 1974 kijiji kipya cha ujamaa kilianzishwa kando ya njia ya misafara, na shamba la pamba la kijiji likafika kwenye makaburi ya kale. Mwenyekiti Masolwa alitangaza kwamba kaburi lenye mwenyewe litaachwa, na lisilo na mwenyewe litalimwa. Nassibu alikwenda mapema kuandikisha la babu yao kwa jina la Farahi.

Siku ya kulima, Zamda na Nassibu walipofika, trekta lilikuwa linanguruma tayari. Kijana mmoja mtafiti wa mambo ya kale, Kasimiri, alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la babu yao, akisoma jina lililochongwa kwa herufi za Kiarabu.

"Herufi ya mwisho ina utata," alisema. "Bila nukta ni Farahi. Yenye nukta tumboni ni Faraji. Kwenye mawe ya kale kabisa ya Waarabu mara nyingi nukta hazikuwekwa. Hili si la kale hivyo. Naomba maji."

"Maji ya nini?" Nassibu aliruka. "Jina tumeshalitaja!"

Kasimiri alikwisha kumwaga. Udongo ukatoka, na katika tumbo la herufi kikabaki kishimo cha mviringo.

"Faraji," alisoma.

Masolwa aliwageukia. "Ninyi mliandikisha Farahi. Basi huyu si wenu. Dereva!"

Nassibu alimvuta dada yake kando. "Tuseme tumekosea jiwe, dada. Twende zetu."

"Babu alimwe?"

"Mwanangu anaolewa mwezi ujao! Wakwe wakisikia tumewapa kitukuu cha mtumwa, watarudi?"

Jembe la trekta lilishashushwa, na mstari wa kwanza ulikuwa unakuja moja kwa moja. Zamda alitembea hadi kwenye jiwe akasimama mbele yake. Dereva akakanyaga breki akitukana.

"Mwenyekiti, huyu ni wetu. Anaitwa Faraji. Alikuwa mtumwa, alibeba pembe za ndovu hadi pwani, kisha akawa huru akarudi huku. Mimi ni Zamda binti Abasi bin Faraji."

"Lo! Waungwana wa mjini!" mwanamke mmoja alicheka. "Na zile shingo mlizotupandishia sokoni?"

"Mama, jina hili si la aibu," Kasimiri alisema kwa haraka. "Zaidi ya miaka mia tano iliyopita, sultani mmoja wa Misri aliitwa Faraji."

"Huyo sultani alibeba pembe?" mzee mmoja aliuliza, na watu wakaangua kicheko.

Zamda hakucheka. Alikuwa anamtazama Masolwa.

"Na wewe, bwana?" Masolwa alimuuliza Nassibu. "Ni babu yako?"

Nassibu aliokota baiskeli yake. "Muulizeni yeye." Kisha akamwambia dada yake kwa sauti ya chini, "Harusi ikivunjika, utakwenda wewe kwa wakwe."

"Nitakwenda."

Nassibu aliondoka bila kugeuka. Masolwa alikuna kidevu, akamwambia dereva apinde.

"Nipinde wapi? Sioni mpaka!"

Zamda alivua viatu, akatangulia mbele ya trekta polepole, akimwonyesha kwa mkono miguu ya babu yake inapoishia.