Muuza samaki wa Ng'ambo anayetaka mumewe ale mbele ya wakwe

Kabla hajampanga samaki yeyote mezani, Koleta Masolwa anamfungua mdomo. Anaingiza kidole gumba, anachungulia, kisha anamlaza upande wake. Ni asubuhi sokoni Ng'ambo, mjini Tabora, na boksi la barafu limeshushwa sasa hivi kutoka kwenye basi la Dar es Salaam.

"Huyu chewa. Ona mdomo ulivyo mpana! Hatafuni huyu, anammeza mwenzake mzimamzima," anasema. Anamgeuza changu na kuonyesha magego yaliyojipanga nyuma ya taya. "Na huyu anavunja kaa na konokono. Utavunjaje kaa kwa ufizi?"

Wa tatu ni pono, mwenye meno yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku, ya kukwangulia mwani kwenye miamba ya bahari. Huyo ndiye aliyemtesa.

Koleta, mwenye umri wa miaka 53, hajawahi kuiona bahari. Wateja wake nao wamezoea sato na migebuka wa ziwani. Pono alipofika mara ya kwanza walimkimbia wakisema ana meno ya jini. Koleta akaona atumie akili: akawakata pono wote vichwa.

Lo! Kumbe ndiyo ameharibu kabisa. Hapa mtu humjua samaki kwa kichwa, na akiwa hana kichwa, hudhaniwa kuna jambo limefichwa.

"Walisema nawauzia nyoka," anasema, akicheka hadi anashika meza. "Tuliwala wenyewe na majirani mpaka tukawachoka."

Ndipo akampigia simu Nurdini, mfanyabiashara anayemtumia samaki kutoka pwani, akamuuliza kwa nini Mungu alimpa samaki mdomo wa ndege. Nurdini akamwambia atazame kwanza samaki huyo anakula nini. Tangu hapo vichwa vimerudi mezani, na kila mteja anapewa somo la bure, atake asitake.

Lakini mdomo unaomnyima Koleta usingizi uko nyumbani.

Mumewe, Emilian, fundi baiskeli, alipata kiharusi miezi minne iliyopita. Mkono umerudi, mguu umerudi. Upande wa kushoto wa mdomo umebaki umelegea, na mchuzi humtoka bila mwenyewe kujua. Muuguzi amethibitisha kwamba anameza vizuri, akamtaka atafune, aongee, auchezeshe mdomo. Emilian anakunywa uji tu, chumbani, peke yake.

Na Jumamosi hii wakwe wanakuja kutoka Bukene kumposa Julieth, binti wa Koleta na Emilian. Katika ukoo wa Emilian, kabla neno mahari halijatamkwa, baba wa binti na baba wa kijana hunawa pamoja na kula ugali katika sahani moja. Emilian anaona aibu. Ameshamwomba mdogo wake, Silasi, akae badala yake.

"Iliniuma jamani," anasema Koleta, machozi yakimlengalenga. "Julieth baba anaye. Kwa nini aozwe kama yatima?"

Jioni, nyumbani kwao, Koleta amemchemshia mumewe changu na kumchambua miiba yote kwa vidole. Kando ameweka kichwa cha pono, si cha kuliwa, cha kutazamwa.

"Ona, Baba Julieth. Mdomo hufuata mlo. Huyu anakwangua mawe, ndiyo maana yuko hivi. Wa kwako unaunywesha uji kutwa, utakazwa na nini?"

Emilian anakitazama kichwa kile. Maneno yanamtoka polepole. "Mama Julieth, hao imewachukua vizazi na vizazi. Mimi mkwe anakuja keshokutwa."

Hapo mzee kasema kweli, na wataalamu wa samaki watamuunga mkono. Hakuna pono aliyejichonga mdomo katika maisha yake mwenyewe. Waliozaliwa na midomo inayokifaa chakula chao walishiba, wakaishi, wakazaa, na watoto wao vivyo hivyo, mpaka mdomo ukawa huo tunaouona.

Koleta hatishiki. "Hatukuombi uote mdomo wa pono, mume wangu. Tunakuomba ule. Ukimwagika, nitakupangusa."

Emilian anakata tonge la ugali, anachovya, anatafuna. Mchuzi unashuka kidevuni. Koleta anaupangusa kwa pindo la khanga yake, bila haraka. Julieth anaingia na maji ya kunawa, anasimama, anamwona baba yake anakula. Emilian hageuzi uso.

"Mungu akijalia, Jumamosi nitapika changu mkubwa kuliko wote," anasema Koleta. "Hilo tu ndilo ninaloomba, wakae baba wote wawili, wale pamoja. Mahari wataongea wenyewe."

Emilian ameshakata tonge jingine. Analishikilia mkononi kwanza.

"Mwambie Silasi aje kula tu," anasema. "Baba wa Julieth nipo."